Tume ya Ugonjwa Usiokuwepo

Nchi yetu ni nzuri. Naanza kwa kusema hivyo ili yeyote anayesikiliza nyuma ya ukuta aandike hilo kwanza, mengine afuatie akipenda.

Ina milima, ina mahindi, ina Mkuu Asiyeyumba, na haina ugonjwa wa kushindwa kuzuia haja kubwa. Majirani zetu wanao, sisi hatuna. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na serikali yetu, ambayo huwaheshimu mno wahenga, ikaliendeleza neno lao mpaka mwisho: basi lisilosemwa halipo. Tangu hapo ugonjwa huo haukusemwa, ukatoweka nchi nzima siku moja, saa za kazi. Ile methali ya mficha maradhi na kifo kumuumbua ikatolewa kwenye vitabu vya shule, maana ilikuwa inawachanganya watoto.

Mimi nilikuwa nao. Nakwambia wewe msomaji kwa sababu huna cheo. Tangu nilipopasuliwa bawasiri, misuli yangu ya nyuma ililegea, haja ikawa inatoka inapotaka yenyewe: sokoni, kwenye foleni ya benki, na mara moja msibani tukiwa tumebeba jeneza. Kazini nilisema nina mgongo. Aliyejua ni mke wangu Saburi, na aliyenisaidia ni programu moja ya simu iitwayo Stara, niliyoipakua nikiwa nimejifungia bafuni, natetemeka kama mwizi. Kila baada ya muda simu hutikisika na maneno yakatokea: Kaza. Hesabu polepole. Legeza. Jioni huuliza: Leo imekuponyoka? Ukijibu ndiyo, haikucheki. Inakuuliza ulikula nini.

Sasa uielewe desturi yetu moja, maana bila hiyo hutaielewa hofu yangu. Mbele ya Mkuu hakuna anayesimama kabla Mkuu hajasimama. Sheria ya Kuketi inasema kwamba anayetangulia kusimama amekimaliza kikao, na aliyekimaliza kikao cha Mkuu ameimaliza serikali, na hayo ni mapinduzi. Kwa hiyo hotuba husomwa mtu ameketi, na mbele yake hata wimbo wa taifa huimbwa watu wameketi. Milango hufungwa kwa ufunguo, tusije tukasahau. Waziri wa Mvua, Bwana Lukanda, aliwahi kushikwa na ganzi mguuni akasimama kuunyoosha. Walimkalisha, wakambeba pamoja na kiti chake. Kiti tunakiona mpaka leo, kiko makumbusho, watoto wa shule hupelekwa kukitazama. Bwana Lukanda mwenyewe hatujamwona.

Ndiyo maana maisha yangu yote niliyaendesha ili nisialikwe ukumbini. Nilifanya kazi kwa wastani na kuvaa mashati yasiyokumbukwa. Nilipokaribia kusifiwa, niliharibu kitu kidogo.

*

Nilikuwa mtathmini katika Idara ya Ubora, chumba cha chupa za chai. Kazi yangu ni kujaza maji ya moto, kufunga kifuniko, kuilaza chupa ubavu na kuona kama inavuja. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba Mkuu ameunda Tume ya Kutathmini Ubora wa Programu za Simu Zinazohusu Ugonjwa Usiokuwepo Nchini. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Samahani, dereva wa idara aliuliza, akapewa likizo, na mkewe bado anaulizia itaisha lini. Kisha wakasoma majina ya wajumbe, na la mwisho lilikuwa Kitwana Ngoda, yaani mimi. Sababu iliyotolewa ni kwamba nina uzoefu wa vitu vinavyovuja.

Nikakaa palepale juu ya maboksi ya chupa, na hapohapo ikaniponyoka.

Mwenyekiti wa tume alikuwa Profesa Makuka, aliyewahi kuwa balozi katika nchi ambayo baadaye ilikana kuwahi kumpokea. Mlinzi wa tume alikuwa Kanali Mbaruti. Huyu hukaa mgongo ukiwa ukutani, anatafuna karanga, na maganda anayatia mfukoni ili asiache ushahidi.

"Ndugu wajumbe," Profesa alifungua kikao, "mataifa mengine hupima dawa kwa sababu yanaumwa. Huo ni udhaifu. Sisi tunapima dawa ya maradhi tusiyokuwa nayo, kwa mapenzi ya ubora mtupu. Historia itatutazama, nasi tutaitazama historia, tutatazamana."

Wajumbe wakapiga makofi. Nami nikapiga, huku nimekaza.

Kwa kuwa mgonjwa hayupo, Profesa aliamua programu zijaribiwe na watu wazima wenye afya. Wakurugenzi wa wizara zote wakagawiwa. Baada ya muda wakaitwa mmoja mmoja na kuulizwa, mbele ya Kanali, kama kuna haja yoyote iliyowaponyoka tangu waanze kuzitumia. Wote walijibu hakuna. Ikathibitika kwamba kila programu inaponya kila mtu. Profesa alisema matokeo ya namna hiyo hayajapata kuonekana duniani, na nadhani alisema kweli.

Shida ikawa kuchagua mshindi. Ilikuwepo moja iitwayo Bendera, ambayo ukikaa tu chooni inapiga wimbo wa taifa. Na nyumbani kwako, ambako Mkuu hayupo, wimbo wa taifa husikilizwa mtu amesimama. Mkurugenzi wa Barabara alikaa akasimama, akakaa akasimama, mpaka akaamua kwenda nyuma ya migomba bila simu. Hata hivyo Bendera ilipata alama za juu kwa uzalendo. Lakini iliyompendeza zaidi Profesa ni Uimara, iliyotengenezwa na shemeji yake. Ukiifungua unaona picha ya Mkuu, na chini yake kitufe kimoja kilichoandikwa NIMEPONA. Ukibonyeza, Mkuu anatabasamu.

Kisha tukafika kwenye Stara. Nikatazama chini ya meza.

"Hii inauliza," Kanali akasema.

"Inauliza nini?" akasema Profesa.

"Inamuuliza raia kama leo imemponyoka. Nani anataka kujua?"

"Labda wanataka kumsaidia, Kanali."

Kanali akameza karanga. "Profesa, mimi nimeuliza watu maswali tangu ujana wangu. Sijawahi kumuuliza mtu ili nimsaidie."

Chumba kikapoa. Kanali akaamuru kila mtu aweke simu yake mezani. Nikaiweka yangu nikiomba kwa Mungu wa baba zangu, na Mungu wa baba zangu siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine. Simu ikaanza kutikisika. Ikatembea juu ya mbao, polepole, ikipita birika la chai, mpaka ikasimama mbele ya Kanali. Akaiokota.

"Kaza," akasoma. "Hesabu polepole. Legeza." Akainua macho. "Ya nani?"

Nikainua mkono.

"Ya kwangu, Kanali. Naipima."

"Unaipima."

"Kama chupa ya chai. Lazima uilaze ubavu ndipo ujue."

Alinitazama muda mrefu, akitafuna. Nilijua anaona kila kitu, hata pampasi niliyoivaa chini ya suruali. "Vizuri, Mzee Ngoda," akasema. "Kwa kuwa umeilaza ubavu, wewe ndiye utakayeisemea mbele ya Mkuu siku ya kukabidhi taarifa. Utamweleza kwa nini ifutwe."

*

Saburi alikuwa anamenya ndizi nilipomwambia. Hakuacha kumenya.

"Sema unaumwa, Baba Chausiku."

"Naumwa nini?"

"Tumbo."

Tukatazamana.

"Basi malaria," akasema.

"Malaria ilifutwa mwaka juzi, mke wangu. Ilisomwa redioni."

Akaweka kisu chini. Saburi si mtu wa kulia, na siku hiyo pia hakulia. "Na hiyo Stara ikifutwa, tutaishije humu? Umesahau ulivyokuwa? Ulikuwa unakula umesimama mlangoni mwa bafu. Ulikuwa humpakati Chausiku, unaogopa. Mtoto akawa ananiuliza amekukosea nini."

"Nisiposema ifutwe, watanibeba."

"Na kiti?"

"Na kiti."

Akazitia ndizi sufuriani. "Utakula hizi tu na samaki. Maharage usiyaguse. Na huko mtakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Mkuu asimame."

"Asiposimama?"

"Mkuu husimama, Saburi. Ndiyo kazi yake."

Alinifunga pampasi mwenyewe asubuhi ya kukabidhi taarifa, juu yake akanizungushia kipande cha khanga yake ili isionekane kuvimba. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilishindwa kufunga vifungo vya shati, akanifungia.

*

Ukumbi ulijaa. Simu tuliziacha mlangoni. Mkuu Asiyeyumba akaingia akiwa amevaa suruali nyeusi, akaketi, nasi tukaketi, na ufunguo ukazungushwa mlangoni mara ukalia kla. Sauti ile niliisikia tumboni.

Profesa akasoma taarifa. Alishukuru jua kwa kuchomoza chini ya uongozi wa Mkuu. Akasema kwamba kwa mara ya kwanza duniani ugonjwa umeponywa kabla ya kuugua. Alipomaliza tukapiga makofi tukingoja Mkuu asimame, maana desturi ni kwamba hapo husimama na kutoa neno. Hakusimama. Akainua kidole kidogo: endeleeni.

Profesa akasoma taarifa upya, mara hii kwa hisia. Mkuu akainua kidole. Kwaya ya wanawake wa chama ikaimba imeketi. Kidole. Profesa, jasho likimtiririka, akasoma taarifa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na watu wengi walisema baadaye kwamba ndipo ilipoeleweka. Kidole.

Zamu yangu ya kuisemea Stara haikuwa imefika. Sikuwa na simu, lakini maneno nilikuwa nayo kichwani. Kaza. Hesabu polepole. Legeza. Nilikuwa mkavu, msomaji. Nilishangaa mwenyewe. Ili nisikutane na macho ya Kanali nilimtazama Mkuu, na ndipo nilipoona midomo yake.

Ilikuwa inacheza. Vidole vyake vilishika mikono ya kiti, midomo ikahesabu, vidole vikaachia. Nikajaribu kwenda naye. Tulikaza pamoja, tukalegeza pamoja, hatukupishana hata mara moja. Hesabu ile haipo mahali pengine, ni ya Stara.

Hofu niliyoipata hapo ilizizidi zote za nyuma. Kuwa na ugonjwa usiokuwepo ni hatari, lakini mtu huzoea. Kumjua mwingine aliye nao, na mwingine huyo akawa yule, hiyo sikuwa na namna ya kuizoea. Nilitamani nipofuke. Nikaelewa kwa nini tume iliundwa, na nikaelewa pia kwa nini hasimami.

Kisha midomo ikasimama. Mkuu akafumba macho kidogo, kama mtu anayesikia habari za msiba. Niliujua uso ule, nimeuona mara nyingi kwenye kioo cha bafuni kwetu.

Harufu ikaja taratibu, ikitokea mbele. Waziri wa Afya akaanza kusifia maua. Mkurugenzi wa Barabara akatazama dari. Profesa alisita katikati ya neno "ustahimilivu" na akashindwa kulimaliza.

"Nani?" Kanali akauliza.

Basi Kanali akaanza msako, na kwa kuwa naye hakuruhusiwa kusimama, aliburuta kiti chake akiwa amekikalia, safu kwa safu, akinusa. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, ikatulia, ikakwaruza tena. Kila aliyepitwa alishusha pumzi. Safu ya mbele peke yake hakuinusa. Nilikuwa safu ya nne, nikihesabu mkwaruzo, na nilijua kwamba hata nikiwa mkavu kama ngozi ya ngoma, akininyanyua shati ataikuta pampasi, na kwisha habari yangu. Halafu watu watabaki pale na harufu yao, na yule mbele atabaki kitini pake mpaka wote tufe tumeketi. Sijui kama nilimhurumia au nilijihurumia. Nadhani vyote.

"Ni mimi," nikasema.

Ukumbi mzima ukageuka. Profesa akasema, kwa sauti ya mtu anayejitenga, kwamba siku zote alinishuku. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mkuu, naye alinitazama kama mtu aliye kisimani aliyetupiwa kamba.

"Aibu hii," akasema polepole, "taifa lisiione. Wote mfumbe macho."

Tukafumba. Nikasikia kiti kikilia, kisha hatua fupifupi za mtu anayetembea magoti yakiwa yamebanwa. Mwendo ule naujua, nimerudi nao kutoka sokoni. Mlango wa nyuma ukafunguka. Tulikaa gizani muda mrefu, serikali yote, tukipumua kwa mdomo.

"Fumbueni," ikasema sauti yake.

Alikuwa ameketi kitini pake, suruali ni ya kijivu.

"Tunamshukuru Mkuu," Profesa akasema upesi, "kwa kukaa nasi wakati wote bila kuondoka, katika suruali yake ileile ya kijivu."

Makofi yalitikisa madirisha.

*

Kesi yangu ilikuwa fupi. Profesa alieleza kwamba programu zote zilijaribiwa na watu wazima wenye afya nao wakabaki na afya, isipokuwa Stara, ambayo ilijaribiwa na mtu mzima mwenye afya naye akaugua. Kwa hiyo Stara ndiyo inayoleta ugonjwa. Uimara ikatangazwa mshindi. Kanali ni mtu wa kazi: aliifuta Stara kwenye simu zote nchini, za mashambani, za mijini, na ile iliyokuwa ndani ya droo fulani Ikulu, bila kuuliza droo ni ya nani.

Nami, kwa kuwa nina ugonjwa usiokuwepo, ikaonekana siwezi kuwepo. Saburi aliitwa akapewa pole rasmi na kuelezwa kwamba hajawahi kuolewa. Aliuliza, basi Chausiku ni wa nani? Wakamwambia jibu litatumwa.

Niliwekwa katika chumba kisicho na dirisha. Kila siku mlinzi alileta sahani ya ndizi za kuchemsha na samaki, bila hata punje ya maharage. Alisema kuna mwanamke asiyeolewa anayeleta chakula kwa mtu asiyekuwepo, na sheria haina kifungu cha kumzuia. Nilikula nikilia, nakiri.

Kisha siku moja Kanali akaja mwenyewe. "Inuka, wewe usiyekuwepo." Nilijua ni mwisho. Ikaniponyoka hapohapo. Tukapita korido, tukapita mazulia, mpaka kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Kanali akaamriwa asogee mbali. Nikabaki peke yangu na sauti iliyokuwa ndani.

"Ukishahesabu," ikanong'ona, "ni kukaza tena au ni kulegeza?"

"Ni kulegeza, Mkuu."

"Polepole?"

"Polepole."

"Nilikuwa nakosea," ikasema ile sauti, na haikuwa sauti ya redioni hata kidogo.

Tangu siku hiyo naishi nyuma ya pazia, nyuma ya kiti chake. Kwenye kila kikao namnong'oneza: kaza, hesabu polepole, legeza. Mwenyewe nafuata humohumo, maana sina mwingine wa kunihesabia. Jioni namuuliza, "Leo imekuponyoka?" Mara ya kwanza nilipouliza nilifumba macho nikingoja kufa. Akajibu. Jioni moja akaniuliza, "Na wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole." Katika nchi yetu Mkuu hajawahi kumpa mtu pole, kwa hiyo naamini haikutokea.

Tatizo ni kwamba Kanali ana masikio. Jana redio imetangaza Tume ya Kutathmini Ubora wa Sauti Inayosikika Nyuma ya Kiti. Mwenyekiti ni Profesa Makuka. Mkuu alitia sahihi mbele yangu. Alisema hana njia, maana akieleza nafanya kazi gani atakuwa ameusema ugonjwa. Namwelewa, ni kiongozi.

Watakaa kesho ukumbini, mlango umefungwa, Mkuu kitini pake na mimi nyuma ya pazia langu. Swali lao la kwanza nalijua: je, sauti hiyo huuliza? Nikinong'ona watanisikia, na kinachouliza hufutwa. Nikinyamaza itamponyoka, na safari hii hakuna wa kusema ni mimi, kwa sababu aliyesema mara ile hayupo. Nimekwisha kuona programu ikifutwa kwenye simu. Unaibonyeza, inatetemeka kidogo, halafu mahali pake panabaki peupe.

Naogopa. Saburi ataleta ndizi asubuhi, na sijui kama atamkuta wa kuzipokea. Chausiku bado sijampakata vya kutosha. Niombeeni, ndugu zangu, lakini mkiwa mmeketi.